Kilichozikwa Chini ya Sheli

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la Dodoma lilitokana na tembo aliyekwenda kunywa maji akazama kwenye tope. Idodomya, yaani pamezama. Mji huo leo una vitu vingi vilivyozamishwa ardhini kwa makusudi, yakiwemo matangi ya petroli na dizeli chini ya vituo ambavyo karibu sote tunaviita sheli, hata kama bango linasema jina jingine. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, vituo hivyo vimeongezeka kwenye barabara zote kuu zinazotoka mjini.

Mwanzoni mafuta hayakukaa ardhini. Yalifika kwa reli, ndani ya mapipa na madebe, yakapangwa stoo nyuma ya duka. Debe la mafuta ya taa, la galoni nne, lilipokwisha kazi yake likawa kipimo cha mahindi na mtama, na bado ndilo kipimo sokoni. Kwa kampuni ya bima, stoo ya namna hiyo ilikuwa na swali moja tu: itaungua? Kamati ya kampuni za bima ya moto iliyoundwa London mwaka 1868 ilikuwa imezoeza makampuni kupanga ada kwa kutazama kuta, paa, jirani aliye karibu na kinachohifadhiwa ndani. Kwa macho hayo, kulifukia tangi lilikuwa jambo jema. Mafuta yaliyozikwa yako mbali na cheche, na nyumba ya pili iko salama zaidi.

Kampuni za kigeni zilikuja na fikra hiyo Tanganyika, na iliendelea kuishi hata wenye bima walipobadilika. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, likabaki peke yake sokoni, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Sheria ya mwaka 2009 ndiyo iliyoleta mamlaka ya usimamizi, TIRA, ambayo sasa makao yake yako hapa hapa Dodoma. Katika miaka yote hiyo moto ndio ulioogopwa, na haukuogopwa bure. Nani amesahau Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha?

Lakini tangi la chuma lililozikwa lina adui mwingine, naye ni kutu. Marekani ndiko bima ilikojifunza hilo kwa gharama kubwa. Matangi ya ukuta mmoja yaliyofukiwa baada ya Vita Kuu ya Pili yalianza kutoboka, na visima vya watu vikanuka petroli. Kampuni za bima zikajitoa: kufikia mwaka 1973 mikataba yao ya kawaida ililipia uchafuzi wa ghafla na wa ajali tu, na mwaka 1986 zikauondoa karibu wote. Serikali ya huko ilikuwa imetunga sheria ya matangi mwaka 1984. Kanuni zilizofuata zikamtaka muuza mafuta aonyeshe uwezo wa kulipa dola milioni 1 kwa kila tukio. Kwa kuwa bima ilikuwa adimu, majimbo mengi yakaanzisha mifuko yao wenyewe.

Bima iliporudi, ilirudi na maswali mapya, na tangi likaanza kuorodheshwa moja moja kama gari. Lina umri gani? Ni la chuma tupu, chuma kilichokingwa dhidi ya kutu, au faibaglasi? Lina ukuta mmoja au miwili? Kuna kifaa cha kugundua mvujo? Mabomba yake je, maana mvujo mwingi huanzia kwenye mabomba na viungio? Maji ya ardhini yako kina gani, na kisima cha karibu kiko wapi? Hata kazi ya kila asubuhi ya kutumbukiza fimbo na kuandika kimo cha mafuta ikawa ushahidi. Daftari lisilolingana na mauzo linapandisha ada.

Swali la maji ndilo linalonifanya niandike. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na kwa miongo mingi mji umenywa kutoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Vipimo vya zaidi ya miaka 50 vimeonyesha kwamba maji yale hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Kisima kikiharibika hapa, hakuna mto wa kukimbilia. Shirika la Afya Duniani linaruhusu mikrogramu 10 tu za benzini, iliyomo ndani ya petroli, kwa lita moja ya maji ya kunywa. Na udongo wetu mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi na kuvimba masika, ukiyasukuma mabomba huku na huku.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema mchafuzi hulipa. Mikataba ya bima ya moto na ya dhima inayofuata mtindo wa London, kwa kawaida, haimlipii mvujo wa polepole. Mwenye kituo, fungua mkataba wako leo kwenye ukurasa wa mambo yasiyokingwa, tafuta neno uchafuzi, na kama limo, mwite wakala wako kabla masika hayajaanza.