Reli ya Voi–Taveta: Kufufua au Kuanza Upya
Reli ya Voi hadi Taveta ilizaliwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Mwaka uliofuata jeshi la Uingereza likaanza kutandika mataruma kupitia Mwatate, Bura na Maktau, nchi kame ambako maji yenyewe yalikuwa vita vya pili. Mwaka 1916, baada ya mapigano ya vilima vya Salaita na Latema, njia iliungana na reli ya Wajerumani huko Kahe.

Amani ilipokuja, ikabaki tawi la mashamba ya mkonge. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa 1977 hadi 1983, tawi likazidi kudhoofika. Reli ya kisasa ya Mombasa–Nairobi, iliyofunguliwa 2017, ina kituo Voi lakini haiendi Taveta. Kulifufua tawi hilo kwa kufyeka tu vichaka juu ya njia iliyojengwa kwa haraka ya kivita hakutoshi. Likirudi, heri lijengwe upya.