Dubu Mdogo Kando ya Saa

Historia ya Kericho na Bomet huandikwa kupitia chai: kampuni za Waingereza zilizofungua mashamba makubwa miaka ya 1920, kisha KTDA iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya wakulima wadogo. Mhudumu wa saiba, duka la intaneti la kulipia, hatajwi. Na huyo ndiye aliyewajazia watu fomu, akawafungulia barua pepe za kwanza, akahangaika na kompyuta zilizosahau kila zilichofundishwa.

Mwaka 2003 bahati nasibu ya viza ya Marekani iliacha kupokea maombi kwa posta ikahamia mtandaoni. Mtu wa Litein, Sotik au Bomet aliyetaka kujaribu akawa hana budi kwenda saiba. Intaneti ya wakati huo ilipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na shilingi 1 kwa dakika ikawa bei iliyozoeleka.

Dakika hizo ziliweza kuishia kwenye kero moja. Mteja anafungua video, juu ya ukurasa unatokea ukanda wa manjano: kuna programu jalizi inakosekana, bonyeza hapa uisakinishe. Anabonyeza, anasubiri, video inacheza. Kesho yake, kompyuta ile ile, ukanda ule ule.

Kivinjari cha enzi hizo kilijua maandishi na picha. Video na michezo kiliviachia programu za pembeni, ndizo hizo programu jalizi, kama Flash na Java. Zilipaswa kusakinishwa mara moja tu. Tatizo lilitokana na namna saiba zilivyojilinda. Kompyuta iliyoguswa na watu wengi kwa siku, kila mmoja na flashi diski yake, ilijaa virusi upesi. Kwa hiyo saiba nyingi nchini Kenya ziliweka Deep Freeze, programu ya kampuni ya Faronics ya Kanada inayogandisha diski: kompyuta ikizimwa na kuwashwa, inarudi ilivyokuwa siku ilipogandishwa. Virusi vinafutika, na Flash ya mteja inafutika navyo.

Hapo hali ya hewa nayo ikaingia kazini. Nyanda hizi za chai ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na radi zake za alasiri huja na kukatika kwa umeme. Umeme ukipotea hata kwa sekunde chache, mashine isiyo na betri ya akiba ilizimika ikabidi iwashwe upya, na kilichosakinishwa asubuhi hakikuwepo tena jioni.

Mhudumu aliyeijua kazi yake alitazama kwanza pembe ya chini ya skrini, kando ya saa, penye picha ya dubu mdogo. Alishika kitufe cha Shift, akambofya dubu mara mbili, akaandika neno la siri, akachagua kuyeyusha, akawasha upya. Dubu akirudi na alama nyekundu ya X, diski iko wazi. Ndipo aliposakinisha programu, akaijaribu, akagandisha tena. Wengine walinaswa na mtego wa pili: Flash ya Internet Explorer ilikuwa tofauti na ya Firefox, kwa hiyo aliyesakinisha moja tu aliendelea kuombwa ile nyingine. Wa tatu ulikuwa wa hatari zaidi, matangazo ya matapeli yaliyojifanya Flash mpya. Kuyatambua kulihitaji jicho zoefu, na hakuna chuo kilichotoa cheti cha jicho hilo. Ulikuwa ujuzi kamili wa kazi, uliorithishwa kwa kuangaliana.

Kisha programu jalizi zenyewe zikaondolewa. Chrome ilifunga mlango wa zile za zamani Septemba 2015, Firefox ikafuata Machi 2017 ikiibakiza Flash peke yake, na Adobe, kampuni yenye Flash, ikaacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Kazi ya saiba ikageukia huduma za serikali za mtandaoni: eCitizen, mikopo ya wanafunzi ya HELB, na iTax ya kodi. Fomu ya kodi ya KRA, mamlaka ya mapato, ilishushwa kama faili la Excel lenye makro, na asiyeziruhusu makro hizo alishindwa kuihakiki fomu yake. Makataa ni 30 Juni, na wiki yake ya mwisho ndiyo yenye foleni ndefu.