Makabati ya Lwiro na panya wa Idjwi

Lwiro iko Kabare, mashariki mwa Kongo, kilomita 45 hivi kutoka mji wa Bukavu, kwenye miteremko ya magharibi ya ziwa Kivu. Hapo ndipo ilipojengwa IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi ya Afrika ya Kati iliyoanzishwa na Ubelgiji mwaka 1947 chini ya Louis van den Berghe. Leo kituo kinaitwa CRSN, na makabati yake yamehifadhi panya, popo, ndege, nyoka, samaki na wadudu.

Mnyama mdogo huchunwa, ngozi yake ikajazwa pamba na kukaushwa. Fuvu husafishwa na kuwekwa pembeni. Vyura na samaki hutiwa katika chupa za spiriti, wadudu huchomwa sindano. Kisha kila kielelezo hufungwa kikaratasi chenye mahali, tarehe na jinsia. Bila kikaratasi hicho, ngozi ni ngozi tu.

Kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, kiliingia katika utafiti wa Lwiro kwa mkono wa Urs Rahm, mtaalamu wa Uswisi aliyefanya kazi Lwiro. Mwaka 1966 yeye na A. Christiaensen walichapisha orodha ya mamalia wa kisiwa hicho. Maji yanayokizunguka huwazuia wanyama wengi kuvuka, ndiyo maana panya wa kisiwani hulinganishwa na wale wa bara, fuvu kwa fuvu. Sehemu kubwa ya msitu wa Idjwi imekwisha kugeuka mashamba, kwa hiyo orodha ile haiwezi kurudiwa ilivyokuwa.

Mjerumani Fritz Dieterlen naye alifanya utafiti Lwiro, na mwaka 1969 akaeleza panya mpandaji wa mlima Kahuzi, Dendromus kahuziensis, aliyejulikana kwa vielelezo viwili tu. Sayansi nzima ya mnyama huyo ikategemea ngozi mbili!

Chupa za samaki nazo zina habari zake. Sambaza, kitoweo cha kila siku Bukavu, aliletwa ziwani kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Samaki wa Kivu aliyehifadhiwa kabla ya hapo ni shahidi wa ziwa lisilo na sambaza.

Vita vya 1996 na 1998 vilipita Kivu, lakini adui wa kila siku wa vielelezo ni wadogo zaidi: unyevu, ukungu, na mbawakawa wadogo ambao mabuu yao hutafuna ngozi kavu. Spiriti nayo hupungua chupani hata kizibo kikiwa kimekazwa, na lazima iongezwe.