Jua la kuazima

Wadau, Jumamosi iliyopita nimepiga kwa mara ya kwanza picha ya sura ya mtu kwa malipo. Siyo zile za gazetini za kumvizia waziri akishuka kwenye gari. Hii ni ya mtu kukaa akatulia. Mteja wangu alikuwa bibi mmoja wa Magomeni, aliyetolewa mtoto wa jicho miezi michache iliyopita. Wajukuu zake walitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni.

Nimeshapanga taa zangu mbili za kuazima, umeme ukakatika. Flashi nayo ilimfanya bibi afumbe macho kila nilipobonyeza. Uani jua kali, hakuna hata mti. Ndipo nikamkumbuka Alexander Wolcott.

Njia ya Daguerre ya kupiga picha kwenye bati la shaba lililopakwa fedha ilitangazwa hadharani Paris tarehe 19 Agosti 1839. Tatizo lake ilikuwa polepole mno. Bati lilihitaji dakika kadhaa hata juani. Jengo linavumilia, uso wa mtu je? Huko New York, Wolcott, aliyekuwa akitengeneza vifaa vya madaktari wa meno, na mwenzake John Johnson waliachana na lenzi. Ndani ya kamera wakaweka kioo kilichobonyea kama kijiko, kikusanye mwanga mwingi zaidi. Oktoba 1839 wakaipata sura ya Johnson, ndogo kama ukucha. Machi 1840 wakafungua studio, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza duniani ya kupiga watu picha kwa malipo.

Sasa mwanga watoe wapi? Taa za umeme za majumbani zilikuwa bado karibu miaka 40 mbele. Wakaning'iniza kioo kikubwa nje ya dirisha kilinase jua na kulirusha kwenye kioo cha pili ndani, nacho kikammulika mteja usoni. Mwanga ukapatikana, lakini nani anaweza kulikodolea jua bila kukunja uso?

Hapa ndipo penye akili. Kati ya kioo na mteja waliweka chombo cha vioo kilichojaa maji ya mrututu, ile dawa ya buluu ya vidonda ambayo wazee wetu wanaijua vizuri. Bati la Daguerre lilikuwa likiona zaidi mwanga wa buluu. Mwekundu na wa njano halikuujali. Kwa hiyo mrututu ulizuia sehemu kubwa ya mwanga unaoumiza macho, ukaliachia bati chakula chake. Richard Beard, aliyenunua haki ya kuitumia kamera hiyo Uingereza, alifungua studio yake London Machi 1841, juu kabisa ya Royal Polytechnic Institution, akaezeka kwa vioo vya buluu. Kiti cha mteja kilikaa kwenye jukwaa la kuzungushwa kulifuata jua.

Historia ya picha husifu sana kemia na lenzi. Mimi naona watu wa kioo cha dirishani wamesahaulika. (Hata Robert Cornelius wa Philadelphia, ambaye familia yake ilikuwa ikitengeneza taa, alitoka nje kutafuta jua alipojipiga picha mwaka 1839!)

Turudi Magomeni. Niling'oa kioo cha kabati nikakiegemeza kwenye stuli uani, nikamrushia bibi jua usoni kupitia dirishani.

"We mjukuu wangu, unataka wanirudishe hospitali?"

Mrututu sina, na kamera yangu haili buluu peke yake. Nikatundika shuka jeupe ukutani pembeni yake, nikakigeuza kioo kiimulike shuka badala ya bibi. Mwanga ukamfikia umepoa. Jua likawa linasogea, kijana mmoja akabaki uani akikizungusha kioo kidogo kidogo huku analalamika joto. Bibi akafumbua macho yote mawili.

Nilipiga 11, wakachagua ya tano. Umeme ulirudi tukiwa tunakunywa chai.