Draiva za Linux: zije na mfumo au tuzifuate mtandaoni?

Wadau, kila nikimwekea mtu Linux hapa Kahama swali ni lile lile. Mashine imewaka fresh, ila waifai haionekani. Unaambiwa ingia mtandaoni ushushe draiva. Kwa waifai ipi? Ni sawa na ufunguo wa stoo kufungiwa stoo.

Na sasa wanaouliza wameongezeka. Oktoba 2025 Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na laptopu nyingi za mtumba hazifikii masharti ya Windows 11.

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa. Kwenye Windows tumezoea kila kampuni itoe ya kwake, kwenye CD au tovuti yake. Kampuni ikichoka, printa yako inageuka kopo. Linux ilichukua njia nyingine: draiva zinakaa ndani ya keneli, ule moyo wa mfumo, na anayebadilisha keneli ndiye anayerekebisha draiva zinazoguswa. Ndo maana vifaa vya zamani kabisa vinatambuliwa bila diski yoyote. Mimi niko upande huu.

Nvidia walibaki nje. Kila keneli ikisasishwa, sehemu ya draiva yao lazima ijengwe upya, ikigoma unakodolea skrini nyeusi. Mwaka 2022 walianza kutoa msimbo wa sehemu hiyo kwa kadi mpya, lakini hata huo unasambazwa nje ya keneli.

Turudi kwenye waifai, maana hapo draiva peke yake haitoshi. Kadi nyingi zinataka pia fimuwea, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Debian walikuwa wanaitenga kwa sababu si huria. Wakapiga kura 2022, na Debian 12 ya Juni 2023 ikaja nayo kwenye diski rasmi. Wapo waliosema huo ni usaliti wa uhuru. Sawa, ila mtu asiye na mtandao huo uhuru anautumiaje?

Zinazosumbua bado ni Broadcom za zamani. Draiva yake, b43, imo kwenye keneli tangu 2008. Fimuwea sasa: leseni hairuhusu wengine kuisambaza, kwa hiyo kifurushi cha firmware-b43-installer kinaishusha mtandaoni wakati wa kusakinisha. Tumerudi stoo!

Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya laptopu, iwashe kwa Linux ya kwenye flashi bila kusakinisha, fungua terminali, andika lspci -nn. Ukiona 14e4 kwenye mstari wa kadi ya waifai, hiyo ni Broadcom, mwambie muuzaji apunguze bei. Kama ushanunua, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, halafu kwenye simu ruhusu kugawa intaneti kupitia USB. Draiva ya njia hiyo tayari imo kwenye keneli, na fimuwea yenyewe ni MB chache tu.

Mwenye kadi iliyogoma kabisa aandike namba yake hapo chini tuichungulie.