Mahame ya Biharamulo

Sisi wa Bukiriro, wilayani Ngara, tumezoea kuishi kwa kubanana. Mgomba wa jirani unagusa mgomba wako, mibuni ya huyu inaishia kwenye kijia cha yule, na hakuna kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe. Ndiyo maana safari ya kwanza ya kutoka Ngara kwenda Biharamulo humshangaza mtoto. Basi likishaacha vilima, watu wanapungua, kisha wanakwisha, na kwa mwendo mrefu hamna kitu ila miti na majani. Nilimuuliza baba, "Humu anaishi nani?" Akajibu, "Walikuwapo," asiongeze neno.

Kiswahili kina jina la mahali pa namna hiyo: hame. Ni pale palipokuwa na kaya, watu wakahama, majani yakarudi. Pori lililoko kati yetu na Ziwa Viktoria limejaa mahame, na anayejua kutazama huyaona. Unakuta minyaa imesimama katika mstari, na mnyaa haujipandi kwa mstari. Unakuta mkuyu mkubwa peke yake, ambao ulikuwa kigingi cha uzio kikachipua. Unakuta jiwe la kusagia ulezi, limelika katikati kwa miaka ya mikono ya wanawake. Na huku upande wa Uzinza unaweza kuokota mavi ya chuma, mazito, meusi, yenye vitundu kama mkate uliochacha. Hayo ni mabaki ya tanuri za Warongo, wafua chuma waliolisha nchi hii majembe kabla ya jembe la meli kufika. Tanuri hula makaa, na makaa ni miti. Fundi chuma, mkulima na mfugaji ndio waliokuwa wakiyazuia majani yasifunge, kila mmoja kwa kazi yake ya kila siku.

Kuvunjika kulianza na ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki na kufyeka mifugo kila ilikopita. Funza nao walikuja miaka hiyohiyo. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Uzinza mwaka 1892, aliandika habari za vijiji vilivyoteketea kwa funza, watu wakishindwa kutembea hadi shambani. Ng'ombe wakiisha, hakuna wa kula majani. Watu wakiisha, hakuna wa kuchoma wala kulima. Vichaka vikaota hadi malishoni, na kivuli cha vichaka ndicho makao ya mbung'o. Swala, nyati na ngiri wakaja kumlisha damu. Ndani ya kizazi kimoja nchi iliyokuwa ya watu na ng'ombe ikageuka ya mdudu. Kisha ikaja Vita Kuu ya 1914, ikachukua wapagazi na chakula.

Mwaka 1922 malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, yaligundulika Maswa, Usukumani. Serikali ya Kiingereza ilikuwa changa Tanganyika, haina fedha, na dawa zilizokuwapo zilikuwa kali na hazikutosha. Ikategemea vitu viwili: panga na kuhamisha watu. Kule Shinyanga, Charles Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyamapori aliyekuja kuongoza utafiti wa mbung'o, aliwaita watemi, na watemi wakaita watu. Maelfu ya wanaume waliingia porini msimu baada ya msimu, wakifyeka vichaka hadi mbung'o akakosa kivuli. Swynnerton alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Aina moja ya mbung'o imepewa jina lake. Waliofyeka hawakupewa jina la kitu chochote. Upande wa tiba, daktari George Maclean alisimamia kanuni ya kuwakusanya watu waliotawanyika. Mamia ya kaya ziwekwe pamoja, mashamba yakiungana na mashamba, ili kulima kwao kwenyewe kuwe ukuta dhidi ya mbung'o. Uzinza na Biharamulo zilikuwa miongoni mwa nchi zilizopangwa upya kwa kanuni hiyo.

Hapo ndipo ulipoingia mdororo wa uchumi wa dunia. Baada ya 1929 bei ya mkonge, pamba na kahawa iliporomoka, mashamba makubwa yakapunguza watu, lakini kodi ya kichwa haikuporomoka. Vijana wa vilima vyetu walikuwa wakivuka kwenda Buganda kutafuta shilingi za kodi kwenye mashamba ya watu. Sasa shilingi zenyewe zikawa adimu hata huko. Aliyeshindwa kulipa alitakiwa kulipa kwa mikono: barabara, madaraja, ufyekaji. Kwa hiyo katika miaka ileile ambayo serikali haikuwa na kitu mfukoni, ilikuwa na kazi ya mikono ya kutosha, na porini ndiko mikono hiyo ilikopelekwa.

Sheria nayo iliruhusu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1930 uliokataza kazi ya shuruti, ambao Uingereza iliuridhia mwaka uliofuata, uliacha nje kazi za dharura, yakitajwa ndani yake magonjwa ya kuambukiza na uvamizi wa wadudu. Malale ni ugonjwa, na mbung'o ni mdudu. Nami sikatai kwamba hatari ilikuwa ya kweli. Malale huua, na kabla ya kuua humwondolea mtu akili mbele ya watoto wake. Kuna watu walioishi kwa sababu walihamishwa. Ninachodai ni kwamba kazi yao ihesabiwe kuwa kazi.

Maana kwingine ilihesabiwa. Marekani, kwa sababu ya mdororo uleule, Rais Franklin Roosevelt aliunda mwaka 1933 jeshi la kazi la vijana wasio na ajira. Hadi 1942 walipita humo vijana karibu milioni 3. Walipanda miti inayokadiriwa kuwa bilioni 3, wakachonga njia za milimani, wakajenga vibanda vya mawe na madaraja katika mamia ya hifadhi. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kati ya hizo 25 zilitumwa nyumbani kwao. Mgeni anayetembelea hifadhi hizo leo hukanyaga ngazi walizozipanga, na mara nyingi hukuta kibao kinachosema hivyo. Huku kwetu miaka ileile ilitengeneza hifadhi pia, ila kwa njia ya kinyume: kule watu waliingizwa porini ili kulijenga, huku waliondolewa, na kuondoka kwao ndiko kulikolijenga.

Kuhama si kubeba mikeka tu. Mgomba haubebeki. Kaburi la babu halibebeki. Mzinga uliotundikwa juu ya mti una nyuki wake, na nyuki hawasomi amri. Ndiyo sababu watu walirudi: kurina asali, kuvua samaki Ziwa Burigi, kutambikia makaburi, kuwinda. Waliokutwa walitozwa faini, na kwenye vitabu vya wakubwa kurudi kule kuliitwa ukaidi. Mimi nikiwaza juu yao, namwona mtu aliyetundika mzinga na kuamini kwamba mali yake ni yake.

Haya hayakuwa ya Biharamulo peke yake. Uganda iliwahamisha watu wa visiwa na pwani ya ziwa tangu 1906, wakati wa gavana Hesketh Bell. Nchi zilizoachwa tupu na malale kandokando ya Nile na karibu na maziwa George na Edward zikawa, mwaka 1952, hifadhi za Murchison Falls na ile inayoitwa leo Queen Elizabeth. Kusini mwa nchi yetu, watu wa Liwale walihamishwa miaka ya 1940, na Pori la Akiba la Selous likatanuka juu ya mahame yao.

Kwetu, Biharamulo lilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1959, miaka miwili kabla ya uhuru. Burigi na Kimisi yalifuata baadaye. Mwaka huo wa 1959 waliozaliwa ndani ya eneo hilo walikuwa bado hai wengi wao, na watoto wao wakaja kuhamishwa tena katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, kwa maneno yanayofanana kabisa na ya Maclean: kusanyikeni, huduma ziwafikie.

Kisha mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja, na kambi yao ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko wowote tuliowahi kuuona. Wote walipika kwa kuni. Vilima vikabaki vipara, nyama pori ikauzwa kama mchicha, na tembo wakakimbilia ndani zaidi. Kambi zilipofungwa mwishoni mwa 1996 pori liliachiwa bunduki zilizozagaa. Kwa miaka mingi mabasi ya njia hii yalisindikizwa na polisi wenye silaha, abiria wamenyamaza, kila mmoja akitazama majani ya upande wake. Kwa wengi wetu pori likawa na maana moja tu, majambazi. Mahame yalisahaulika mara ya pili.

Julai 2019 Rais John Magufuli, ambaye ubunge wake wa kwanza mwaka 1995 ulikuwa wa Biharamulo Mashariki, alizindua Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mapori matatu, Biharamulo, Burigi na Kimisi, yaliunganishwa kuwa eneo la kilomita za mraba 4,707, na shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, likakabidhiwa eneo hilo. Nilifurahi, nasema kwa moyo wote. Nyamera wamerudi kuonekana, na njia ina amani.

Lakini nikisikia hifadhi zinasifiwa kuwa nchi isiyowahi kuguswa na mkono wa mtu, namkumbuka baba. Ningependa pale langoni, pamoja na picha za twiga na tembo, liwekwe jiwe moja la kusagia, kama lilivyookotwa, na maelezo ya mistari miwili: ni jiwe la kusagia ulezi, na aliyelitumia alikuwa na nyumba hapa.

Mbung'o hajaondoka. Ukiingia na gari madirisha yakiwa wazi atakufuata hadi kwenye kiti, na ngozi inavimba palepale alipouma. Katika hifadhi zenye mbung'o hutundikwa kwenye miti vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyotiwa dawa, maana rangi hizo humvuta. Vinaning'inia kimya kandokando ya njia, upepo ukivipeperusha kama nguo zilizoanikwa uani mwa mtu.