Kwa nini zilipendwa hazichuji

ZILIPENDWA ni jina la nyimbo za kale ambazo hadi leo hazijaacha kupendwa. ‘Malaika’, uliorekodiwa na Fadhili William jijini Nairobi katika miaka ya 1960, uliimbwa baadaye na Miriam Makeba wa Afrika Kusini kwa Kiswahili kile kile. ‘Jambo Bwana’ wa Them Mushrooms, wa 1982, ulitoka katika hoteli za Pwani ukavuka bahari. Kundi la Boney M liliuimba upya 1983. Kiswahili chake ni chepesi na kila neno lasikika.

Vijana wa leo hutunga zaidi kwa Sheng na midundo ya kompyuta. Gengetone, iliyovuma 2018 kwa ‘Lamba Lolo’ wa kundi la Ethic, ilififia baada ya miaka michache. Sheng hubadilika upesi, na wimbo huzeeka pamoja na maneno yake.

Hata hivyo, lugha mseto si kikwazo daima. ‘Unbwogable’ wa Gidi Gidi Maji Maji, ulioundwa kwa neno la Kijaluo lenye maana ya kutisha, ulikuwa wimbo wa kampeni za NARC 2002. Wakenya wa makabila yote walielewa ujumbe wake: hatutishiki.

Wimbo hudumu pale wengi wanapouelewa.